Uzi: Ukiwa kazini nje ya karakana, pima umeme unaokifikia chombo kabla ya kukilaumu

Mchomeleaji wa Arua (mwanzisha uzi)

Ndugu mafundi, salaam.

Ninaandika kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako ninachomelea vyuma na kutengeneza mashine ndogondogo. Karibu nusu ya kazi zangu haziletwi karakana, kwa sababu mwenye kinu cha kusagia unga hawezi kukipakia kwenye boda akaniletea, na geti lililong'oka bawaba halina miguu. Kwa hiyo mimi ndiye ninayefunga safari, nikiwa na mashine ya kuchomelea ya inveta (ile nyepesi ya kielektroniki), grainda ndogo ya kusagia na kukatia chuma ya diski ya milimita 115, drili, na kitita cha waya wa kurefushia umeme wa mita 50. Kwa miaka mingi niliamini kwamba matayarisho ya safari ya namna hiyo ni kuhakikisha vyombo ni vizima. Kazi moja ya hivi karibuni imenibadilisha mawazo, na ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Niliitwa kwenye kituo kidogo cha biashara, safari ya kama saa moja kutoka mjini, ambako fremu inayobeba injini ya kinu ilikuwa imepasuka sehemu mbili. Kinu chenyewe kinaendeshwa kwa dizeli na jengo lake halina umeme, lakini mwenye duka wa ng'ambo ya barabara alikubali nichomeke kwake. Nilikunjua waya wote, nikaweka kijiti cha kuchomelea cha milimita 3.2, nikapanga mashine kwenye ampea 100, nikaanza. Kijiti kiliganda. Nikakibandua, nikapandisha ampea, kikaganda tena, na pale kilipowaka mshono ulikaa juu ya chuma kama uji uliomwagika, haukuingia ndani. Msaidizi wangu alisema vijiti vimeingia unyevu. Mwenye kinu, ambaye alikuwa na wateja wenye magunia ya mahindi wakimsubiri, alisema mashine yangu imechoka. Mimi nilikuwa tayari kuamini wote wawili.

Kilichoniokoa ni kipima umeme kilichokuwa kwenye begi kwa bahati tu. Dukani soketi ilionyesha volti 226. Mwisho wa waya wangu, mashine ikiwa imewashwa lakini haichomelei, nikasoma 225, nikaona kumbe umeme hauna neno. Hapo ndipo wengi wetu huishia, na ndipo tunapokosea. Nilimwambia msaidizi achomelee huku mimi nikiendelea kusoma kipimo, na namba ikaporomoka hadi 178. Akiinua kijiti, inarudi 225. Waya usiopitisha mzigo hauonyeshi ugonjwa wake.

Sasa tuangalie hesabu, maana ndiyo iliyonifichulia jambo lenyewe. Mashine yangu ikitoa ampea 100 upande wa kijiti, huvuta kama ampea 17 kutoka kwenye soketi. Shaba ina ukinzani wa kama omu 0.0175 kwa kila mita moja ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 50 uuhesabu kuwa mita 100. Zidisha 0.0175 kwa 100, gawanya kwa 2.5, unapata omu 0.7, na ukizidisha kwa ampea 17 unapata upungufu wa volti 12. Hiyo 2.5 ni unene kwa milimita za mraba, ndio ulioandikwa kwenye ganda la waya wangu. Nilipaswa, basi, kusoma volti 214 hivi, na kwa volti 214 mashine ingefanya kazi bila kulalamika. Volti 47 zilizopotea zilikuwa na maelezo mengine.

Nilipofika nyumbani nilikata kipande nikakwaruza uzi mmoja kwa kisu. Nje ulikuwa mwekundu, ndani mweupe: ni alumini iliyopakwa shaba. Unene nao, nilipouhesabu kwa kupima nyuzi, haukufika hata milimita ya mraba moja na robo. Ganda nene ndilo lililonidanganya mkono dukani. Fikirini pia kwamba hizo volti 47 kwa ampea 17 ni karibu wati 800 ambazo zilikuwa zinageuka joto ndani ya waya kila kijiti kilipowaka. Ni kama nimetandaza pasi ya umeme kuvuka barabara ambayo watoto wanapita. Na huo waya nilikuwa nimeukunjua wote. Laiti ningeuacha nusu yake umezungushwa kwenye kitita, kama ninavyoona wengi wakifanya ili usichafuke, joto lisingekuwa na pa kutokea na plastiki ingeyeyuka. Kwenye vitita vizuri huandikwa namba mbili za mzigo, moja ya waya uliokunjuliwa na nyingine ya waya uliozungushwa, na tofauti kati yake ni kubwa.

Kazi haikukamilika siku hiyo. Nilifunga fremu kwa boliti za muda, nikamwomba mwenye kinu asiwashe, nikarudi Arua nikiwa na aibu.

Jambo la pili, ambalo si la waya lakini siwezi kulipita kwa kuwa tulikuwa ndani ya kinu. Vumbi la unga likitanda hewani huwaka kwa kasi ya kutisha, na katika jengo lililofungwa linaweza kulipuka. Kabla sijagusa grainda nilisimamisha kinu, nikafungua milango yote, nikafagia unga sakafuni na juu ya mbao za paa, nikamwagia maji eneo la kazi, na dumu la dizeli nikalitoa nje. Mwenye kinu aliona ninapoteza muda wake. Cheche za grainda huruka mita kadhaa, na katika miezi yetu ya kiangazi, nyasi za paa la jirani hazihitaji cheche nyingi.

Naomba wenzangu mnaofanya kazi za nje mseme mnavyojipanga. Msimamo wangu kwa sasa ni kwamba safari ianze kwa swali la umeme utatoka wapi na utapita kwenye nini, na vyombo vichaguliwe baada ya hapo.

Mkarabati wa Katwe

Ndugu wa Arua, nimekusoma kwa makini na hesabu yako ni sahihi, lakini msimamo wako naupokea nusu. Mimi kazi yangu, hapa Kampala, ni kufufua grainda na drili zinazorudishwa na mafundi wa nje, na ninachokiona mezani kila siku kina sura mbili. Kuna armecha (sehemu ya mota inayozunguka) zilizoungua kwa sababu ya umeme dhaifu, hizo ni zako. Chombo cha mota ya kaboni (vile vipande vidogo vinavyoigusa armecha na kuipa umeme) kikipata volti pungufu hupungua kasi. Fundi akiona kinasuasua hukikandamiza, feni yake ya ndani haivuti hewa ya kutosha, na nyaya zinaungua huku yeye akidhani anakisaidia. Lakini kuna vingine vingi vinavyokufa kwa kaboni zilizoisha. Shilingi chache za kaboni zingekiokoa chombo, ila fundi aliona cheche nyingi ndani ya matundu ya hewa akazichukulia kuwa ndiyo tabia ya mashine. Kaboni zikibaki na urefu wa kama milimita 5, zibadilishe zote mbili kwa pamoja, na ubebe jozi ya akiba, maana huko porini hakuna duka lenye saizi yako.

La pili ni diski, na hapa naomba radhi kwa ukali. Kuna mtindo wa kuondoa kinga ya grainda ndogo ili diski ya milimita 230 iingie, kwa kuwa mteja ana bomba nene na grainda kubwa imeachwa nyumbani. Diski za kukatia za kawaida zimetengenezwa zisivuke mwendo wa mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo wake. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Zungusha diski ya milimita 230 kwa kasi hiyo, ukingo wake unafikia mita 132 kwa sekunde. Hiyo haitwi diski tena, na kinga ambayo ingezuia vipande umeiacha chini ya benchi. Nimewaona watu wawili wenye makovu ya jambo hili usoni, na sitaki kumwona wa tatu.

Tazameni pia pete ya chuma iliyo katikati ya diski: huwa imepigwa mwezi na mwaka wa kuisha muda. Gundi inayoshika punje za diski huchakaa, hasa ikikaa kwenye unyevu, na begi la fundi wa nje hunyeshewa.

Mchomeleaji wa Arua

Mzee wa Katwe, nakubali kukosolewa. Kaboni za akiba sikuwa nazo. Kuhusu diski nilikuwa naangalia ukubwa na bei tu, na leo nimekagua boksi langu nikakuta tatu zilizoisha muda tangu mwaka juzi. Nimezivunja ili msaidizi asizirudishe kwenye begi.

Fundi wa Kabale

Mnazungumza habari za soketi ya jirani. Huku kwetu milimani mara nyingi jirani mwenyewe hana, kwa hiyo naomba nichangie upande wa jenereta, kwa sababu nimeona wengi wakinunua jenereta kwa kusoma namba ya kwenye boksi.

Injini ya petroli ya kawaida hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inapungua. Wanaouza husema habari hiyo ni ya watu wa milima mirefu. Lakini uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134, maana yake fundi aliyesimama ufukweni Entebbe, ambaye hajapanda kilima chochote, ameshapoteza kama asilimia 13. Kabale tuko karibu mita 2,000, na hapo upungufu ni karibu robo. Jenereta iliyoandikwa wati 2,000 huku kwangu hutoa kama 1,540 ikiwa mpya na safi. Ukiiona inatoa moshi mweusi na plagi ya moto imejaa masizi, mara nyingi haina ugonjwa: inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kabureta inaweza kuwekewa tundu dogo zaidi la petroli na injini ikatulia, ila nguvu iliyopotea hairudi yote, na ukiteremka nayo bondeni urudishe tundu la awali.

Namba ya kwenye boksi nayo mara nyingi ni ya kilele, yaani ile ambayo mashine huihimili kwa muda mfupi tu. Tafuta namba ya mzigo wa kudumu, toa upungufu wa mwinuko, ndipo uulize kama chombo chako kinaingia. Kwa mashine ya kuchomelea kama ya ndugu wa Arua, inayovuta ampea 17, nisingepanda huku bila jenereta ya kilovoltiampea 6 au zaidi, na hiyo haibebwi na boda. Kwa hiyo kazi za mbali huwa nazifanya kwa boliti na drili, na pale palipo lazima kuchomelea natumia kijiti cha milimita 2.5 kwa ampea 70.

Mambo matatu ya haraka. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke chombo. Na unapomaliza, chomoa chombo kabla ya kuizima, wala usiiache iishiwe petroli ikiwa na mzigo, kwa sababu volti hupanda na kushuka ovyo wakati injini inakata roho. Na mvua ikinyesha, usiiingize ndani ya nyumba wala kwenye kibanda. Moshi wake una gesi isiyo na harufu ambayo huua mtu akidhani anasinzia.

Seremala wa Masaka

Nawasalimu kaka zangu. Mimi ni seremala, ninafunga milango na makabati kwenye nyumba za watu, na ninashangaa kwamba hakuna aliyetaja betri hadi sasa. Miaka mitatu iliyopita niliacha waya na jenereta. Nina drili mbili na msumeno wa betri za volti 18, naingia kwenye nyumba ambayo haijaunganishwa umeme, namaliza, naondoka. Sihitaji hisani ya jirani wala kubishana na mtu kuhusu uniti zake za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla. Je, mafundi wa vyuma mnangoja nini?

Mchomeleaji wa Arua

Dada yangu wa Masaka, umetushika pabaya, lakini hesabu inatutenga na wewe. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90 ndani yake. Drili inayofunga skrubu hunywa kidogo na kupumzika, ndiyo maana wewe unamaliza siku. Grainda inayokata chuma huvuta hata wati 800 mfululizo, na wati-saa 90 kwa wati 800 ni chini ya dakika 7. Nikiwa na fremu ya kusafisha mishono minane nitahitaji betri za kujaza begi zima, na bei ya betri nne hapa inakaribia bei ya jenereta ndogo.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo ninakupa haki yote. Ndani ya tangi la chuma, au chini ya trela ardhi ikiwa imelowa, mwili wako wote umegusa chuma, na waya wa volti 240 uliochubuka hautakupa nafasi ya pili. Waingereza kwenye maeneo ya ujenzi hushusha umeme hadi volti 110 kwa transfoma ambayo katikati yake imeunganishwa na ardhi, ili mtu akiguswa apate volti 55 tu. Sisi transfoma hizo ni nadra kuziona, basi betri ndiyo inayotufaa hapo, hata kama ni ya dakika 7. Mimi nilinunua grainda moja ya betri kwa ajili ya matangi tu.

Seremala wa Masaka

Nimekuelewa, na nakubali kwamba mbao zinanipendelea. Niongeze tu kwa watakaonunua: wasilipe zaidi kwa betri iliyoandikwa volti 20 wakidhani ina nguvu kuliko ya 18. Zote zina seli tano. 20 ni kipimo cha betri iliyotoka kuchajiwa, na 18 ni kipimo chake ikiwa kazini. Na betri iliyotoka moto kwenye chombo isiwekwe kwenye chaja papo hapo, iache ipoe kivulini kwanza. Niliua moja kwa haraka yangu, na nyingine kwa kuiacha nyuma ya kioo cha gari mchana kutwa.

Mwanafunzi wa ufundi, Gulu

Shikamoni walimu wangu. Nina swali moja. Chuoni tumefundishwa kwamba kazi ya nje ifanywe kwa kutumia kile kikata umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme ukivuja kwenda ardhini. Nilikiweka kwenye jenereta ndogo ya mjomba, nikabonyeza kitufe cha majaribio, kikazima vizuri. Je, niko salama?

Mkarabati wa Katwe

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni bora kuliko majibu mengi yaliyotangulia, na jibu lake si la kupendeza. Kitufe kinajaribu kikata umeme chenyewe, hakijaribu jenereta. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na huzima pale kiasi fulani kinapopita njia nyingine, yaani ardhini. Kwenye umeme wa gridi njia hiyo ipo, kwa sababu waya mmoja umeunganishwa na ardhi kwenye transfoma. Jenereta nyingi ndogo hazijaunganisha waya wowote na fremu wala na ardhi, kwa hiyo umeme hauna njia ya kurudi kupitia ardhini, na kikata umeme hakina cha kuona.

Usifadhaike lakini. Hali hiyohiyo humkinga anayetumia chombo kimoja peke yake, kwa kuwa kosa la kwanza halikamilishi mzunguko kupitia mwilini mwake. Hatari huja pale vyombo viwili vikichomekwa pamoja na kila kimoja kikawa na kosa lake. Basi kwenye jenereta ya mjomba tumia chombo kimoja kwa wakati mmoja, na kiwe chenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo maana yake kina tabaka mbili za kinga na hakitegemei waya wa ardhi. Kuunganisha waya mmoja na fremu ili kikata umeme kifanye kazi kunawezekana, ila ni kazi ya fundi umeme anayeijua jenereta hiyo, usiifanye kwa kusoma humu. Kwenye soketi ya jirani kitumie siku zote.

Mwanafunzi wa ufundi, Gulu

Asante sana, mwalimu. Nitamwonyesha mjomba, maana yeye huchomeka grainda na taa na redio kwa pamoja.

Mchomeleaji wa Arua

Nilirudi kwenye kinu siku ya nne. Nilinunua waya mwingine wa 2.5, na safari hii nilikwaruza uzi kwa kisu pale pale dukani. Muuzaji alinuna, lakini ndani ulikuwa mwekundu hadi mwisho. Sikununua mita 50. Nilipiga hatua za barabara kichwani nikaona 35 zinatosha, na kila mita usiyoibeba ni volti usiyoipoteza. Ncha ya mashine sikuipeleka kwenye plagi ya ampea 13 kama awali, kwa sababu nilikuta pini yake moja imebadilika rangi kwa joto; mwenye duka ana soketi kubwa ya friji lake la biashara, yenye swichi yake kwenye ubao, nikamwomba hiyo na fundi aliyemfungia akaja kunithibitishia ukubwa wa waya wa ukutani.

Soketi ilisoma 224. Kijiti kikiwa kinawaka, mwisho wa waya ulisoma 215. Mishono yote, pamoja na ile mibaya niliyoisaga na kuirudia, ilichukua kama dakika 50, na nusu ya muda huo ilikuwa ya kusaga na kusubiri chuma kipoe. Mita ya mwenye duka ilikuwa imekula uniti moja na kidogo. Nilimlipa mbili, ili nikirudi nisiulizwe.

Ule waya wa zamani nimeukata vipande viwili vya mita 25, nikaviandikia kwa rangi nyeupe TAA TU.